Mahindi Yaliyoliwa Kiamaiko

Siku ya chai ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya kazi, mkadhani nitakaa mezani asubuhi moja niyamalize. Sikai. Haya nimeyaandika nimesimama dirishani jikoni, mstari mmoja, kisha naenda kutazama sufuria, kisha narudi. Mnaonifahamu mnajua ndivyo nilivyofanya kazi pia. Anayetaka kujua nilipanda cheo lini aende masjala, faili iko huko. Mimi nitawasimulia jinsi tulivyotafuta mahindi ya kuiva mapema, na jinsi tulivyoyafukuza kwa miaka huku tukidhani tunayafuata.

Niliajiriwa katikati ya miaka ya sabini, msichana wa mtaa wa Bahati aliyemaliza kidato cha nne, mwenye kujua biolojia kidogo na kushona sana. Kituo chetu kilikuwa mwisho wa Eastlands ya Nairobi, pale nyumba zilipoishia na uwanda wa udongo mweusi kuanza, upande wa Kayole kabla Kayole haijawa Kayole mnayoijua. Wakati huo kulikuwa na vichaka, machimbo ya mawe na upepo. Sisi tulikuwa na ofisi za mabati, ghala la mbegu, shamba la majaribio, na banda la wavu lililojaa vyungu.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vyangu vya kanisani, vyeupe. Mtu mrefu aliyevaa koti la kazi lenye madoa alinipokea mlangoni mwa banda. Hakunisalimu. Alivitazama viatu akasema, "Ukiingia navyo, havitoki."

Huyo ndiye Bwana Okelo, mtaalamu wetu wa kuzalisha mbegu, na hakuwa anatania. Ndani ya vile vyungu mlikuwa na kayongo, ambalo kule kwao Alego ndilo jina la gugu linalonyonya mahindi. Mbegu yake ni laini kuliko ugoro. Ikinasa kwenye soli ya kiatu unaweza kuitembeza hadi Bahati bila kujua, na Nairobi hatukuwa nalo gugu hilo, wala hatukutaka kuwa sisi tuliolileta. Kila aliyeingia bandani alivaa gambuti za humo humo na kuzisugua kwa brashi akitoka. Udongo uliokwisha kutumika tuliukaanga ndani ya pipa juu ya moto. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kukaanga udongo. Jioni nilipomweleza mama yangu, aliniuliza kama nilikuwa na hakika sikukosea mlango.

Nyinyi vijana mmeliona kayongo kwenye picha za kompyuta, mnalijua lina ua la zambarau linalopendeza. Sisi tulilichukia kwa karibu. Mbegu yake hulala udongoni miaka na miaka, haina haraka. Mzizi wa hindi ukipita jirani, inaamka, inaung'ang'ania na kuanza kunyonya huko huko chini. Ukiliona limetokeza juu ya ardhi, limeshashiba. Kuling'oa wakati huo ni sawa na kumfukuza mgeni akiwa ananawa mikono baada ya kula.

Shabaha ya Okelo ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Alikuwa na aina moja ya mahindi, mafupi na yasiyo na sura, ambayo kayongo halikuyapenda sana. Alikuwa na aina nyingine iliyoiva mapema. Alitaka kuzipandisha mpaka apate hindi moja lenye tabia zote mbili: lisinyonywe ovyo, na likomae kabla ya mvua kukatika na kabla gugu halijapata muda wa kulimaliza. Msimu baada ya msimu tulipanda, tukachagua, tukapanda tulichochagua.

Yeye alikuwa mtu wa taratibu. Angeweza kusimama mbele ya mmea mmoja mpaka ukaona aibu kwa niaba ya mmea. Mimi nilikuwa naranda kati ya mistari, nikigusa hili, nikichungulia lile, na usiku naota majani. Aliniambia zaidi ya mara moja kwamba hindi halikui upesi kwa kuzungukwa. Nilijua. Nikaendelea kulizunguka.

Sababu ya haraka yangu ilikuwa mama yake. Okelo alikaa mtaa wa Jericho na mkewe na watoto, nyumba ya vyumba viwili, na katika kimoja alikuwa amemlaza mama yake mzazi, Mama Peres. Shamba la mama huyo Alego lilikuwa limeliwa na kayongo mpaka likawa linatoa magunzi matupu, na mwanawe akamleta mjini ili asife njaa. Alipendwa, alipikiwa, na aliteseka. Kila asubuhi alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa. Alipanda kunde kwenye kopo la maziwa, kisha akawa akilihamisha kopo kutoka kivulini hadi juani na kulirudisha. Nilipopita jioni nikielekea nyumbani, alikuwa ananingoja mlangoni kabla mwanawe hajafika, kwa sababu alijua mwanawe atamjibu kwa maneno mengi.

"Wangui, yameiva?" alikuwa akiniuliza.

Nami nilikuwa sina jibu ila bado, Mama, bado kidogo.

Siku moja alinishika mkono akaniambia kwa nini anauliza. Alisema nyumba yake kule haijawashwa moto siku nyingi, mchwa wamepanda kuta. Alisema hapa mjini ni mgeni wa mwanawe na hata akikaa miaka kumi atabaki mgeni. "Nataka kurudi kwangu nikitembea," alisema. "Sitaki kurudi nimelazwa juu ya gari, watu wakiimba." Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Bahati bila kusalimia mtu njiani, na kwa mara ya kwanza mahindi yale yakawa si kazi tena. Nilikuwa nimeogopa.

Sasa niwaeleze tulivyofanya shambani, maana jambo lote limo humo. Hindi likitaka kuzaa hutoa chavua kwa juu, kwenye kile kishada, na chini hutoa ndevu. Chavua ikiangukia ndevu, punje zinaingia. Ukitaka kujua baba wa punje ni nani, lazima uzifunike ndevu kwa mfuko wa karatasi kabla hazijatokeza, kisha ulete mwenyewe chavua unayoitaka. Ndevu zikitokeza kabla hujafunika, upepo umeshafanya kazi yake, na hindi hilo halifai kwa mbegu. Tulikunja jani lake la juu kama alama, na likiwa bichi tuliwapa akina mama wapalilizi. Lilikuwa fungu lao, desturi ya kituo tangu kabla yangu, na mimi ndiye niliyeligawa. Kiongozi wao alikuwa Nyokabi, mwanamke mnene mcheshi wa Kiamaiko, aliyejua kuuza kuliko alivyojua kupalilia.

Kazi ya kufunika tuliianza siku nusu ya mstari ilipokuwa imechanua. Ndivyo Okelo alivyofundishwa chuoni, na ndivyo vitabu vilivyosema. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na sababu ya kwenda kule na mifuko, na mifuko yenyewe ilikuwa adimu, tukitumiwa michache kwa masharti.

Basi miaka ikaenda. Upande wa kayongo tulisonga mbele. Kulikuwa na vyungu ambamo gugu lilitokeza moja moja, limedumaa, na hindi limesimama wima. Upande wa kuiva mapema tulirudi nyuma. Hatukuelewa. Tulikuwa tumeanza na mbegu iliyowahi, tukachagua iliyowahi, na kila msimu mahindi yakachelewa kidogo kuliko msimu uliopita. Okelo alilaumu baridi ya Julai. Kisha akalaumu udongo mweusi. Kisha akaagiza mbegu mpya kutoka mbali, nazo baada ya misimu michache zikaanza kuchelewa vilevile, kana kwamba Nairobi imeziambukiza uvivu.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kupenda matokeo yanayoonekana kutoka barabarani. Alituita ofisini akasema kama hali ni hiyo, shamba lile litafaa zaidi kwa viazi. Kisha akauliza nani hushika ufunguo wa ghala la mbegu. Nilikuwa mimi. Akasema pengine mbegu zinachanganywa, na akaniangalia. Hilo ningelimeza. Lakini tulipotoka nje Okelo alinisimamisha kando ya tangi la maji akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Wangui, una hakika hukuchanganya?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawa yanaunguruma. Miaka yote ile nilikuwa nimezipanga mbegu zile kwa mikono yangu kama mtu anayepanga nguo za mtoto mchanga, na yeye alikuwa analijua hilo. Kwa wiki nzima tulizungumza habari za kazi tu, yeye na vyungu vyake, mimi na mistari yangu, na Jericho sikupita.

Kilichonirudisha Jericho ni kwamba Mama Peres aliugua. Kifua, baridi ya Julai ile ile. Nilisikia kutoka kwa mkewe Okelo kwamba mama hali chochote ila anaomba supu, nami Jumamosi nikaenda Kiamaiko kutafuta kichwa cha mbuzi. Mnajua pale palivyo: mbuzi, moshi, watu wanabishana huku wanacheka. Pembeni mwa soko Nyokabi alikuwa ameweka jiko lake la kuchoma mahindi, na mbele yake watu wamejipanga, wachinjaji na aproni zao, madalali, vijana wa kubeba.

Nilimsalimia nikataka kupita. Lakini mchinjaji mmoja aliyekuwa anang'oa punje kwa meno alisema hivi, bila kumwambia mtu hasa, "Huyu mama kila mwaka ndiye wa kwanza Nairobi mzima. Kwingine kote hata maua bado."

Niliendelea kutembea. Nilikuwa nimefika kwa muuza vichwa, nimeshachagua kichwa, mtu anakifunga gazetini, ndipo maneno yale yakanifikia. Nikakiacha kichwa mezani nikarudi karibu mbio.

"Nyokabi, haya mahindi umetoa wapi?"

"Ai, madam." Alinitazama kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake. "Si ni yenu? Si ni wewe ulitupea? Yale ya jani limekunjwa."

Nilisimama pale moshi ukiniingia machoni. Mahindi yaliyokunjwa jani yalikuwa yale yaliyotoa ndevu kabla hatujaenda na mifuko. Kabla. Yaani yaliyowahi kuliko mengine yote. Kila msimu tulikuwa tunangoja nusu ya mstari ichanue, na yale yaliyotangulia, yale hasa tuliyokuwa tunayatafuta usiku na mchana, tuliyaita machafu tukayagawa yachomwe. Tulibaki na wavivu, tukawaozesha wavivu kwa wavivu, na mwaka uliofuata siku ya kuanza ikasogea mbele nasi tukaifuata kwa utiifu. Hakuna aliyechanganya mbegu. Wachinjaji wa Kiamaiko walikuwa wamekula kila hindi la mapema tulilowahi kupata.

Nilimwomba Nyokabi aniambie kama kuna mtu aliyekausha hata moja akaweka mbegu. Aliwaza kwa uaminifu kabisa. Akasema hapana, madam, haya ni matamu, yanakausha vipi na watu wako hapa?

Okelo nilimkuta Jericho kando ya kitanda cha mama yake. Nilimweleza nikiwa bado mlangoni, kichwa cha mbuzi nilichokirudia sokoni kikiwa mkononi, nikizungukazunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilipomaliza alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Kisha akaniomba radhi, kwa Kiswahili, mbele ya mkewe na mama yake, kwa kuniuliza lile swali kando ya tangi. Kwa mtu wa aina yake hilo halikuwa jambo dogo, na mimi, ambaye nilikuwa nimeandaa hotuba ya wiki nzima, nikamkabidhi mkewe kile kichwa cha mbuzi.

Mama Peres alikuwa amesikia yote. Alijiinua kwa kiwiko.

"Kwa hiyo mahindi yangu yameiva," alisema. "Yameiva kila mwaka. Ila yameliwa Kiamaiko."

Tukacheka, kwa sababu hakukuwa na jambo lingine la kufanya, naye akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Kilipoachia alisema jambo ambalo halikuwa la kuchekesha. Alisema angetungoja tena, lakini si sana, na kwamba sisi wawili tusimletee tena maneno ya vitabu.

Msimu uliofuata sikungoja nusu ya mstari wala robo. Mahindi yalipofika kiunoni nilikuwa shambani kila alfajiri na mifuko mfukoni, nikipapasa mashina kwa vidole kutafuta mahali hindi linapoanza kuvimba, na nilifunika kabla hata ncha ya ndevu haijaonekana. Tabia yangu ya kuranda, iliyochekwa miaka yote, ikapata mshahara wake. Mifuko ilipokwisha nilishona mingine kutoka karatasi za unga, na ndipo ushonaji wangu ukaifaa serikali. Okelo naye aliacha utaratibu akaanza kuranda nami. Tulikuwa tunagongana kwenye kona za mistari.

Akina mama wapalilizi walikuja juu. Fungu lao la mapema lilikuwa limekatwa, na tulipowapa yaliyochelewa kuchanua, yasiyofaa kitu kwetu, Nyokabi aliyabonyeza kwa dole gumba akasema haya atamuuzia nani wakati Nairobi nzima imeshashiba. Alininunia msimu mzima. Sikumlaumu, jina lake pale sokoni lilikuwa limejengwa juu ya kosa letu.

Ilichukua misimu kadhaa zaidi kurudi tulipokuwa mwanzoni na kupapita. Tulipandisha yale ya mapema na yale ya vyungu, tukayarudisha vyunguni, tukatupa mengi mno. Wakati huo nyumba zilikuwa zinatukaribia kutoka upande wa mjini, ukisimama shambani unasikia redio za watu. Mama Peres alikuwa amekonda. Alikuwa haulizi tena kama yameiva; alikuwa ananitazama tu nikipita, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Niliacha kulala vizuri. Nilikuwa na hakika kwamba tutalipata hindi na kumkosa yeye.

Hatimaye tukawa na mbegu ya kutosha kujaribiwa nje ya Nairobi, kwenye mashamba ya wakulima yenye kayongo. Hapo Okelo akaleta ugumu wake. Alikataa shamba la mama yake liwe miongoni mwa yaliyochaguliwa, akasema watu watasema amejipendelea. Tulizozana siku mbili. Mwisho nilimwendea mkuu wa kituo mwenyewe, nikamuuliza tu ni shamba gani lililo gonjwa kuliko yote tunayoyajua. Alifikiri akalitaja la Alego, kwa kuwa Okelo alikuwa ametueleza habari zake kwa miaka. Nikamwambia basi, mbegu isiyoweza kusimama pale haina maana kusimama kwingine. Akaweka sahihi.

Mama Peres alisafiri kabla ya mvua za Machi. Alikataa kushikwa mkono kupanda basi. Tulimwachia maelezo: apande kwa mistari, asichanganye na mbegu nyingine, asivune chochote mpaka tuje na mizani, kwa sababu mavuno yale ndiyo yangetuambia kama kazi ya miaka yote ilikuwa na maana. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila neno. Ningepaswa kushuku.

Tulifika Alego siku iliyopangwa na ofisi. Mashamba ya jirani yalikuwa na mahindi ya njano yaliyopinda, na chini yake zambarau tupu, zulia zima la maua. Kwake pia kayongo lilikuwepo, sitawadanganya, hapa na pale. Lakini mabua yalikuwa yamesimama, manene, makavu. Na yote yalikuwa matupu. Okelo alitembea mstari wa kwanza mpaka mwisho, akarudi na wa pili, mizani inaning'inia mkononi mwake. Hakukuwa na hindi hata moja.

Moshi ulikuwa unatoka nyumbani kwa mama yake. Tulimkuta uwanjani, amesimama mwenyewe bila fimbo, mwiko mkononi. Karibu naye, kwenye jamvi, walikuwa wamekaa wajukuu na watoto wa jirani na mama zao, wamezunguka sinia la ugali, na hakuna aliyeinua kichwa kututazama.

"Mmechelewa," alisema. "Mlisema yataiva mapema. Yakaiva mapema."

Okelo alianza kusema kitu juu ya majaribio, juu ya ofisi. Aliinua ile mizani kidogo. "Mama, sasa mimi nitapima nini?"

Mama yake aligeuka akawanyooshea mwiko wale waliokaa kwenye jamvi.

"Pima hawa," alisema.

Okelo akaiweka mizani chini kando ya mlango, akanyoosha mikono, na mama yake akammiminia maji anawe.